Kamera ya kuanzia isiyo na pini: uzoefu wangu

Hasira yangu yote iko kwenye pini, kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya mchele. Kilipaswa kuwa juu ya kamera yangu, katikati ya pale pa kuchomekea flashi. Hakipo, na si kwamba kilidondoka. Kiwandani hawakukiweka.

Kamera niliinunua Kariakoo, mwaka jana mwishoni, ile ya bei ya chini kuliko zote ya kampuni kubwa ya Japani, ambayo kila duka humtolea mtu anayeanza. Megapikseli na uzito sielezi, vimejaa ubavuni mwa boksi. Na hilo boksi lina picha ya mtoto anacheka juani, pamoja na maneno matamu kwamba sasa utapiga picha kama wataalamu.

Binti wa mama mdogo alikuwa na send-off, ukumbi uko Sinza, taa za zambarau kila kona. Flashi inayochomoka yenyewe juu ya kamera naifahamu: inampiga mtu usoni moja kwa moja, paji la uso linang'aa mafuta, kivuli cheusi kinabaki ukutani nyuma yake. Kwa ngozi zetu ni balaa tupu. Nikanunua flashi kubwa ya kuchomeka juu ya kamera, ya Kichina, ya bei nafuu, niielekeze kwenye dari jeupe mwanga urudi chini umetulia. Nikaichomeka. Nikabonyeza. Kimya. Betri mpya, kimya. Nikiibonyeza kitufe chake cha kujaribia inawaka vizuri kabisa, nikibonyeza kamera haiwaki. Bibi harusi mtarajiwa anaingia na wapambe wake, vigelegele vinapigwa, mimi nimeinama nabadilisha betri.

Picha za usiku ule nilizipiga kwa kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 6400. Zimejaa chenga. Mama mdogo alishukuru, maana ni mstaarabu, lakini picha ya kutundika sebuleni hakuipata.

Sasa sikilizeni kilichofanyika. Pini ya katikati ndiyo inayobeba amri ya kuwasha. Shata, ule mlango unaopitisha mwanga, ikifunguka, umeme unapita kati ya pini ile na reli za chuma za pembeni, flashi inawaka. Pini nyingine ndogo zinazoizunguka ni za mawasiliano ya kampuni na flashi zake yenyewe. Kwa sababu ya pini ile moja, flashi ya kampuni moja huwaka juu ya kamera ya kampuni nyingine, ilimradi nguvu uipange kwa mkono. Mzee mwenye studio mtaani kwetu ana Pentax K1000, kamera ya filamu ambayo toleo lake liliingia sokoni mwaka 1976. Alichukua flashi yangu, akaichomeka pale juu, akabonyeza. Ikawaka. Akaigeuza kamera yangu mara mbili, akaniambia, "Mwanangu, hapa katikati pamezibwa."

Nilirudi dukani. Kijana aliyeniuzia, aliyekuwa ananiita "dada yangu" kila sentensi siku ya kupokea hela, safari hii hakuinua macho kwenye simu. "Dada, hiyo ni ya kuanzia. Ukitaka mambo ya flashi, ongeza hela uchukue ile." Akanyoosha kidole kwenye kabati la vioo. Nikamuuliza kwa nini hakunieleza. "Kwani uliuliza?" Kisha akagonga risiti kwa kucha, pale palipoandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Watu wengine kaunta nzima wananitazama. Kaka, nilikuja kununua kamera ya kwanza maishani mwangu. Ningeulizaje habari ya pini?

Hapo ndipo panaponiuma. Mtu anayeanza hajui aangalie nini, na aliyeichora kamera hii alilijua hilo. Kitufe cha kuzungusha kuwa kimoja badala ya viwili, sawa. Kuchungulia kwenye vioo vyepesi badala ya prizimu, kioo kizito cha kamera za ghali, sawa, hapo gharama inapungua kweli na mimi nimelipa kidogo. Lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo, ukivuta hadi mwisho tundu lake la mwanga linabana hadi f/5.6, nalo ni jambo la bei. Lakini pini ile inagharimu nini? Kampuni hiyohiyo iliiweka kwenye kamera zake za kuanzia za miaka ya nyuma. Mimi naamini imeondolewa ili nikihitaji flashi ninunue ya kwao tu, na ya kwao hapa mjini ilikaribia nusu ya bei ya kamera. Onyo lipo, ndani ya kitabu cha maelekezo, mstari mmoja kwamba flashi za wengine hazitawaka. Kitabu unakifungua ukishalipa!

Mchana lakini, jamani, kamera hii ni nzuri. Nimepiga watoto ufukweni Coco, rangi za ngozi zimetoka zilivyo, na nilianza kuandika haya nikikusudia kusema msiinunue kabisa. Siwezi. Hata ukumbini kuna njia: flashi ya Kichina ina hali mbili za kuamshwa na mwanga wa flashi nyingine, S1 na S2; unaiweka kwenye S2, unaishika mkono wa kushoto, unafungua ile ndogo ya kamera, na mwanga wake unaiamsha kubwa. S1 inadanganywa na mmweko wa kwanza ambao kamera huutoa kupimia mwanga kabla ya picha, S2 inausubiri upite. Juani mbinu hiyo hukataa mara nyingi. Na kwa nini nishike flashi mkononi usiku kucha kwa ajili ya chuma kisichogharimu kitu? Hapana. Nimekasirika upya.

Unayekwenda dukani kesho, kabla ya kutoa hela mwambie aitoe kwenye boksi na uitazame kwa juu. Ukiona plastiki nyeusi katikati, bila duara la chuma, na una ndoto ya kupiga sherehe, irudishe mezani. Mimi nimepata mtumba wa toleo la zamani la kampuni hiyohiyo, una pini yake, na lenzi zangu zinaingia bila shida. Nalipa kwa awamu kwa fundi Ilala. Waliotengeneza hawapati hata senti.