Kitabu cha klasi na urithi: kabla hujalipa, fungua kurasa za mwisho

Nilinunua kitabu cha Python, lugha ya kuandikia programu, mjini kwa shilingi 45,000. Jalada linang'aa, karatasi nyeupe pee. Wiki ya tatu nikakwama: nina klasi ya malipo, yaani kiolezo cha kutengenezea vitu vya aina hiyo kwenye programu; mteja akilipa kwa simu irithi mzazi huyu (klasi nyingine inayoipa sifa na kazi zake), akilipa kwa benki irithi yule, na uamuzi ufanyike programu ikiwa tayari inaendeshwa. Nikafunua nyuma nitafute faharasa. Hakuna! Kumbe ni kopi, na mwenye mashine aliishia sura ya mwisho ili abane karatasi.

Tangu siku hiyo siulizi kurasa ngapi wala picha. Naenda kwenye faharasa, herufi T, natafuta `type`, amri ya Python yenyewe. Ikiwa imetajwa tu kama njia ya kujua kitu ni cha aina gani, nakirudisha rafuni. `type` hiyohiyo ukiipa vitu vitatu, yaani jina, wazazi na kamusi ya yaliyomo, inakuzalia klasi papo hapo, na wazazi umewachagua dakika hiyo. Hata ndani ya mabano ya `class` unaweza kuita funksheni, kipande cha kodi kinachorudisha jibu, ikuletee mzazi. Java, lugha nyingine ya programu, haina mchezo huo. Baada ya `extends`, neno lake la kurithi, unaandika jina la mzazi, basi.

Kitabu namba moja kwangu ni Fluent Python ya Luciano Ramalho, kutoka O'Reilly, na upendeleo wangu sifichi. Chukua toleo la pili, la 2022. Lile la 2015 lilitangulia Python 3.6, kwa hiyo `__init_subclass__`, inayompa mzazi taarifa kila anaporithiwa, humo huikuti. Ukiwauliza wauzaji ni toleo gani, jibu ni "dada, kitabu ni kilekile." Na bei wanataka ya jipya.

Kinachofuata ni Design Patterns cha 1994, cha Gamma na wenzake watatu. Mifano ni ya lugha za C++ na Smalltalk, siyo Python, utatoka jasho. Lakini ndicho kilichonisuta: kinashauri kuunganisha vitu kabla ya kukimbilia kurithi. Malipo yangu niliyaandika upya hivyo, klasi moja inayobeba ndani yake kitu cha njia ya kulipia, iwe simu au benki, na habari ya kubadilisha mzazi ikaisha. Ndiyo, baada ya kelele zote hizo.

Python Crash Course kinamfaa anayeanza. Katika mfano wake klasi ya gari la umeme inarithi klasi ya gari, mzazi ameandikwa tangu mwanzo, hakuna maswali.

Maelezo ya bure ya Python yenyewe yapo kwenye tovuti ya docs.python.org, ukiwa na bando na subira.

Yule muuzaji nilimrudia. Akasema faharasa "siyo somo," kisha akaniahidi punguzo la elfu mbili nikinunua kingine. Nilikiomba nikifungue kwanza nyuma, akakasirika.