SuperTruss ya Torklift: chuma cha kuvutia boti nyuma ya pikapu yenye kempa

Ukishapandisha kempa, yaani kijumba cha kusafiria, kwenye bodi ya pikapu, mkia wake hutokeza kupita bampa, na tela haiwezi tena kufungwa pale pa kawaida. Lazima urefushe. Mimi nimechagua SuperTruss, chuma cha kurefushia cha kampuni ya Torklift, kinachoingia kwenye SuperHitch, yaani kifungio cha tela kilichofungwa chini ya mkia wa pikapu, chenye matundu mawili, moja juu ya jingine. Hapo ndipo thamani yake ilipo. Chuma cha tundu moja hunesa kama ufito, na kinavyozidi urefu ndivyo uzito kinaoruhusiwa kuvuta unavyoshuka.

Navuta boti ya alumini, na tela yake inafika kilo 2,300, nyuma ya pikapu ya Ford F-350 ya matairi sita. Tukishuka Snoqualmie Pass, jimbo la Washington, upepo wa ubavuni uliisukuma kempa kwa nguvu. Boti ikafuata bila kuyumba. Nilifurahi sana.

Bei ni kubwa, na chuma chenyewe ni kizito. Mtafute mtu wa kukushikia upande wa pili. Minyororo ya usalama na waya wa taa navyo virefushwe. Na jamani, pimeni ekseli ya nyuma kwenye mizani ya malori mkiwa mmejaza maji na mafuta, boti ikiwa imefungwa. Kempa peke yake imeshailemea, na chuma kirefu huongeza mgandamizo wa tela. Breki za tela ni lazima. Zangu ni za haidroliki, yaani zinazosukumwa na mafuta ya breki, kwa sababu za umeme huharibika upesi zikizamishwa majini.