Violeti ya Afrika niliyoinunua Malindi, na mizizi iliyonitia hasira

Nilikuwa nimekusudia kukisifu kitalu hiki cha miche hapa Malindi, kwa sababu violeti ya Afrika niliyoinunua kwao kabla ya masika imestawi barazani kwangu na imekuwa ikichanua mfululizo. Hili ni ua letu. Aina hii ya Kilifi huota yenyewe kivulini, kwenye nyufa za mawe ya chokaa kule Cha Simba na Mwarakaya, ingawa jina lake la Saintpaulia linatokana na Mjerumani aliyekusanya jamaa zake Usambara mwaka 1892. Nami nimelitunza kwa machache: nimelikinga na jua la mchana, na nimelinywesha maji ya mvua badala ya maji ya kisima chetu yenye chumvi, nikiyamimina pembeni mwa chungu ili majani yake yenye vinyweleo yasilowe.

Juzi nilirudi kuongeza miche minne. Nilipoufungua mfuko wa kwanza, nikaona mizizi imeng'ang'ania vipande vya chokaa na udongo mweusi wa majani yaliyooza, ambao haupatikani kitaluni hata kidogo. Nikamwuliza muuzaji kwa upole, "Mwanangu, hii mmeing'oa wapi?" Akanijibu mbele ya wateja, macho yake yakiwa kwenye simu, "Mama, ua ni ua. Hutaki, weka chini, wenye kutaka wapo."

Nikaiweka chini yote minne nikaondoka, na hadi sasa jibu lile halijanitoka. Ua lililobakiwa na miamba michache tu katika kaunti yetu linang'olewa na kutiwa guniani! Tena bila haja yoyote, kwa kuwa jani moja lenye kikonyo chake, likichomekwa kwenye mboji yenye unyevu, hutoa vichipukizi baada ya muda si mrefu. Sisemi kwamba kila mche wao umetoka porini. Wangu wa kwanza ulikuwa na mizizi safi, na huenda mwenye kitalu hana habari. Lakini kila nikiukumbuka udongo ule, naona kwamba asiyejua kinachouzwa mlangoni pake ameamua asijue. Ua nalipendekeza kwa moyo wote, kitalu, hapana. Nimekwisha kuchomeka majani sita ya ua langu, na jirani yeyote anayelitaka aje achukue mche bure yatakapochipua.