Bomba la Akrapovič kwenye Africa Twin: limefaa safari za Likasi na Kolwezi

Kwa anayesafiri mbali, bomba la moshi lichaguliwe kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, mwendo utakaokaa nao saa nzima. Dukani pikipiki imesimama, muuzaji anavuta mafuta mara mbili, kila mtu anatabasamu. Hapo hujasikia chochote cha maana.

Pikipiki yangu ni Honda Africa Twin CRF1000L, injini ya sentimita za ujazo 998. Nimeifunga bomba la nyuma tu, la titani, kutoka Akrapovič wa Slovenia. Kutoka Lubumbashi hadi Likasi, huku kusini mwa Kongo, ni kama kilomita 120, na sauti yake imenipendeza njia yote: nzito ukipanda gia, ya chini ukitulia kwenye mwendo. Silinda zake mbili haziwaki kwa nafasi sawa, ndiyo maana ina ule mdundo wa kuruka, na bomba hili linautoa vizuri bila kupiga kelele ndani ya helmeti. Nikifika Kolwezi masikio hayavumi. Kwangu hilo linazidi nguvu zote za injini.

Tena barabarani kuna watu. Wale wanaosukuma baiskeli zenye mifuko ya makala (mkaa) hawapaswi kushtuliwa na mlipuko mgongoni. Mabomba mengi ya aina hii huja na kizuizi cha sauti kilichoshikwa na skrubu mwishoni. Vijana wa mjini hukitoa siku ya kwanza. Kiacheni!

Nguvu haikuongezeka kiasi cha kuisikia, na bomba la nyuma peke yake kwa kawaida haliongezi nyingi. Faida ni uzito: titani ni nyepesi sana kuliko chuma, na uzito unapungua juu, nyuma, pale pale ambapo masanduku ya mizigo yanaongeza.

Kubadilisha mfumo mzima kuanzia kwenye injini sikushauri kwa safari. Mara nyingi unaondoka na katalisti, kile kifaa kinachosafisha moshi, na kompyuta ya pikipiki inahitaji kupangwa upya, la sivyo mchanganyiko unapungukiwa mafuta na injini inachemka. Hapa Lubumbashi mafundi wa kufunga ni wengi na hodari. Wa kupanga kompyuta sikumpata.

Kabla ya kulipa, funga masanduku yako yote mawili kwenye pikipiki. Bomba la Africa Twin liko kulia, na mfuko wa turubai ukiligusa utayeyuka. Langu limepita vizuri na sanduku la alumini, mkono unaingia katikati.

Bei ni kubwa, pamoja na usafirishaji na forodha, lakini ningelinunua tena. Mwambieni fundi aweke gasketi mpya, ile pete ya kuziba, kwenye maungio. Hewa ikipenya hapo, pikipiki itapasuka-pasuka kila ukiachia mafuta, nanyi mtalaumu bomba bure.