Saa ya kubonyeza au miale?
Tangu mchezo wa mbwa kuruka viunzi uonyeshwe Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa ya Uingereza, mwaka 1978, sekunde ndizo huwatenganisha mbwa waliomaliza bila kosa. Saa ya kubonyeza ni bei nafuu na haina nyaya, ila kidole huchelewa kama sekunde 0.2, na ushindi huweza kuwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo. Kipimamuda cha miale, kinachoanza na kusimama chenyewe mbwa akikatiza mwale kati ya vihisi, husoma hadi sehemu ya mia ya sekunde. Lakini kina masharti: vihisi vitazamane sawasawa, betri zichajiwe usiku, jua la asubuhi lisikipige kihisi usoni. Mwongozaji anayekimbia na mbwa akikatiza mwale kwa mkono, kipimamuda huanza kabla ya mbwa; aliyeshika saa ya akiba ndiye huokoa mzunguko huo. Mazoezi ya klabu, saa inatosha. Mashindano ya kupanda kiwango, kodini kipimamuda cha miale.