Honda NC750X na matumizi halisi ya mafuta: uzoefu wangu kwenye barabara ya Dar es Salaam hadi Mbeya

Anayetafuta pikipiki ya Honda NC750X iliyotumika Japani hukutana na namba mbili za matumizi ya mafuta, na pengo lililopo kati ya namba hizo linatosha kumharibia mtu mpango wa safari. Ya kwanza ni kilomita 43 kwa lita, ya pili ni kilomita 28.6 kwa lita. Zote mbili zimetolewa na mtengenezaji na zote ni za kweli. Ile ya kwanza hupatikana pikipiki ikiwa imeshikilia mwendo mmoja wa kilomita 60 kwa saa, imebeba watu wawili, bila kusimama wala kuongeza kasi. Ya pili hutokana na kipimo cha kimataifa kiitwacho WMTC, ambacho kwa pikipiki za daraja hili kina sehemu tatu, yaani mwendo wa mjini, mwendo wa barabara za kawaida na mwendo wa barabara kuu unaofika kilomita 125 kwa saa, kisha matokeo huchanganywa kwa uwiano wa robo, nusu na robo. Nimeitumia pikipiki hii kwa safari ndefu za muda mrefu, hasa kati ya Dar es Salaam na Mbeya, na ninaweza kusema bila kusita kwamba namba ya pili ndiyo ya kuamini, na kwamba kwa mwendo unaoruhusiwa na barabara zetu mtu anaweza hata kuipita.

Yangu ni toleo lililoanza kutoka mwaka 2021, lenye klachi na gia sita za kubadilisha kwa mguu. Injini yake ni ya silinda mbili, sentimita za ujazo 745, na umbo lake linaeleza sehemu kubwa ya ubahili wake wa mafuta: pistoni yenye kipenyo cha milimita 77 inasafiri milimita 80, kwa hiyo nguvu ya kuvuta inapatikana mapema, ikifika kilele cha Nm 69 injini ikizunguka mara 4,750 tu kwa dakika. Ukiwa gia ya sita kwa kilomita 100 kwa saa, injini iko kati ya mizunguko 3,000 na 3,500, na hapo inavuta bila kulalamika. Farasi wake 58 hawatamfurahisha anayependa kusikia injini ikipiga kelele, lakini kwa safari ya siku nzima sijawahi kuona upungufu wowote.

Kabla ya kutaja matokeo yangu, nieleze ninavyopima, kwa sababu namba nyingi zinazotajwa vijiweni hupimwa kwa macho. Najaza tangi hadi mafuta yaguse ncha ya chini ya shingo ya tangi, narudisha kipima safari kwenye sifuri, naendesha mpaka kituo kingine, najaza tena hadi alama ileile, kisha nagawanya kilomita kwa lita zilizosomwa na pampu. Tangi moja peke yake halithibitishi kitu. Petroli huvimba kwa takriban asilimia moja kila joto likipanda nyuzi kumi, hivyo mafuta niliyonunua Mbeya asubuhi ya baridi na niliyonunua Chalinze saa nane mchana si kipimo kimoja, hata kama pampu zote mbili zimekaguliwa na Wakala wa Vipimo na zina stika yake. Nikiunganisha matangi ya safari nzima, makosa hayo madogo hufutana. Kompyuta ya pikipiki yenyewe ina huruma kidogo: kwangu husoma juu ya ukweli kwa asilimia tatu au nne, kwa hiyo ikiniambia 30 najua pampu itasema 29.

Sasa matokeo. Nikiwa peke yangu, bila masanduku ya pembeni, kwa mwendo wa kilomita 80 hadi 90 kwa saa, napata kati ya kilomita 29 na 31 kwa lita. Nikishikilia 110, inashuka hadi 25 au 26. Ndani ya foleni za Dar es Salaam, kutoka Ubungo hadi Mwenge wakati watu wanatoka kazini, napata 23 au 24, na siamini kwamba kuna ujanja wa kuongeza namba hiyo zaidi ya kuzima injini pale askari anaposhikilia upande mmoja kwa muda mrefu.

Tofauti ya 90 na 110 ndiyo ningependa kila mnunuzi aielewe, maana hapo ndipo fedha zinapotelea. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi. Ukitoka 70 kwenda 110, kasi imeongezeka kwa zaidi kidogo ya nusu, lakini nguvu ya hewa inayokusukuma kifuani imekuwa karibu mara mbili na nusu. Pikipiki ya kusafiria ina kioo cha mbele, ina vishikio vipana, na dereva anakaa wima, hivyo hewa inakuta ukuta. Ndiyo maana barabara ya kwenda Mbeya, ambayo wengi huilaumu kwa vibao vya 50 kila kijiji, matuta, rasta (matuta madogo ya mfululizo) na askari wenye tochi za kupima kasi, kwa upande wa mafuta ni rafiki. Kipande cha hifadhi ya Mikumi, ambako mwendo unabanwa kwa ajili ya wanyama, ni kati ya vipande vinavyonipa matumizi mazuri kuliko vyote. Gharama ya matuta inaonekana kwa yule anayeondoka kila tuta kwa kufungua mafuta hadi mwisho, afike 100, kisha abane breki kwenye tuta linalofuata. Yeye analipia kasi aliyoigeuza kuwa joto la breki.

Mlima Kitonga huwatisha wengi. Barabara inaacha bonde la mibuyu la Ruaha Mbuyuni na kupanda kwa kona kali ubavuni mwa mlima, malori yakijivuta kwa gia ya kwanza, na kisomaji cha matumizi ya papo kwa papo kinaporomoka hadi 12 na wakati mwingine chini ya hapo. Ukiitazama namba hiyo utadhani tangi linatoboka. Lakini hesabu inasema vingine. Pikipiki ina kilo 214 ikiwa imejaa mafuta. Nikijumlisha uzito wangu na mzigo tunafika takriban kilo 330. Kuinua uzito huo mita 1,000 kunahitaji nishati isiyofika megajuli 3.5, ilhali lita moja ya petroli ina megajuli 32 hivi, ambazo injini hugeuza robo yake kuwa kazi. Kwa hiyo kupanda kote kutoka bondeni hadi Iringa kunadai chini ya nusu lita ya ziada, na sehemu ya hiyo inarudi siku ya kushuka.

Kuhusu kushuka nina neno kwa wenzangu wanaoteremka na nyutro wakiamini kwamba wanabana mafuta. Kwa pikipiki ya zamani yenye kabureta wangekuwa na hoja kidogo. Kwa hii, ambayo mafuta hupulizwa kwa kompyuta, ukifunga mafuta gia ikiwa ndani na magurudumu yakiizungusha injini, mfumo hukata petroli kabisa; ukiweka nyutro, injini lazima ilishwe ili isizime. Anayeteremka Kitonga na nyutro anatumia mafuta zaidi ya mimi, na amejinyima breki ya injini mahali ambapo malori yanayonuka breki yako mbele na nyuma yake. Naliandika hili kwa uzito kwa sababu mlima huo umekwisha chukua watu wengi.

Ukishafika juu, kuanzia Iringa kupitia Mafinga hadi Makambako, sehemu kubwa ya njia iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Hewa nyepesi ina maana ya upinzani mdogo, na kompyuta hupunguza petroli kulingana na hewa iliyopo. Huku ndiko nilikopata tangi langu bora. Isipokuwa Makambako. Upepo wa Makambako haujifichi, na ukikupiga usoni kwa kilomita 20 kwa saa wakati unakwenda 90, hewa inakuona kama mtu anayekwenda 110, nawe unalipa bei ya 110. Siku za namna hiyo napunguza mwendo hadi 80 na ninaiacha saa ya kufika isogee.

Mzigo wa watu na vitu nao una habari yake. Nikimbeba mwenzangu bila masanduku, kwa mwendo uleule wa 90, napoteza kilomita moja au mbili kwa lita. Nikifunga masanduku mawili ya pembeni, hata yakiwa karibu matupu, kwa mwendo wa 110 nashuka hadi 23. Yaani upana unaumiza kuliko uzito, na kwa safari ya mtu mmoja sanduku la nyuma peke yake linatosha, hasa kwa kuwa pikipiki hii ina hazina, yaani sehemu ya kuwekea vitu, ya lita 23 mahali ambapo pikipiki nyingine zina tangi. Kofia nzima inaingia humo.

Hazina hiyo ndiyo chanzo cha kero yangu kubwa. Tangi halisi liko chini ya kiti, na mdomo wake uko chini ya kiti cha abiria, kinachofunguliwa kwa ufunguo. Kila kituo muuzaji hunyoosha pampu mbele, namwonyesha nyuma, na kama nimefunga begi juu ya kiti hicho lazima nifungue mikanda yote, nishushe begi chini kwenye sakafu yenye mafuta, nijaze, kisha nianze kufunga upya huku bajaji tatu zikinisubiri. Kwa msafiri huu si udhia mdogo. Dawa niliyoipata ni kuhamishia kila kitu kwenye sanduku la nyuma lililofungwa kwenye keria, ili kiti kibaki huru.

Kero ya pili ni ukubwa wa tangi: lita 14.1. Kwa hesabu ya karatasi hizo ni kilomita 403, lakini hakuna mwenye akili anayetembea hadi tone la mwisho. Alama ya mwisho inapoanza kuwakawaka huwa nimetumia lita 11 hivi. Kwenye barabara kuu hilo si tatizo, kwa sababu Chalinze, Morogoro, Mikumi, Iringa, Mafinga na Makambako zote zina vituo vya uhakika. Najaza Dar es Salaam, najaza Mikumi, na najaza Mafinga. Ila nikitoka Mbeya kupitia Chunya kuelekea Rungwa na Itigi, ambako vituo ni vya kuhesabu, nabeba dumu la lita tano, kwani petroli ya chupa za maji inayouzwa vibandani mara nyingi ina vumbi na wakati mwingine maji, na vipulizio vya mafuta havisamehe uchafu. Lita nne zaidi ndani ya tangi zingeifanya hii kuwa pikipiki kamili ya kusafiria kwa nchi yetu.

Upepo wa tairi usisahauliwe. Honda inataka psi 36 mbele na 42 nyuma. Nabeba kipimo changu mwenyewe, kwa sababu vipimo vya pembeni mwa barabara hutofautiana sana, na tairi ya nyuma ikishuka hadi 32 pikipiki inakuwa nzito mkononi kabla hata pampu haijaonyesha tofauti.

Wanaonishauri ninunue pikipiki kubwa zaidi nawaelewa, maana BMW R 1250 GS ina tangi la lita 20 na Africa Twin ya 1100 ina lita 18.8, na zote zinapita kwenye vumbi ambako mimi naenda kwa tahadhari. Lakini kwa kipimo kilekile cha WMTC, ya kwanza inatumia lita 4.75 kwa kilomita 100 na ya pili lita 4.9, wakati yangu inatumia 3.5. Dar es Salaam hadi Mbeya ni takriban kilomita 830, kwa hiyo mimi natumia lita 29 na wao karibu 40. Kwenda na kurudi ni zaidi ya lita 20 za tofauti, na yeyote anaweza kuzidisha kwa bei kikomo ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kwa anayesafiri barabara ya lami kwa mwendo wa 90, peke yake au na mwenzake, naipendekeza NC750X bila wasiwasi. Apange kituo kila kilomita 330 akiwa peke yake, kila kilomita 270 akiwa na masanduku na abiria, na kiti cha nyuma asikifungie kitu.