TAHADHARI: Fundi wa sola anayezunguka Amu (Lamu) na makadirio yake ya bure

Jamani wa Amu, wa Shela, wa Matondoni, na nyie wa Malindi mliomo humu, mtu huyu akipiga hodi msimfungulie. Jina nimekatazwa kulitaja, basi nanyamaza. Anauza sola, anafunga mwenyewe, na makadirio anakufanyia bure. Hayo ya bure yamenila shilingi 120,000.

Mimi nauza barafu na ukwaju wa friza nyumbani, na Ramadhani stima ilipotea vikaniharibikia. Nilitaka sola ili stima ikipotea barafu na ukwaju wangu usalimike, basi.

Alikuja alasiri, kofia ya vito imemkaa sawa, kanzu imenyooka. Nikamletea sharubati, akasema, "Ahsante dada, leo Alhamisi, nimefunga." Haya niambieni, mtu wa hivyo wewe ungemuuliza leseni? Kabla ya kupanda darini akavua viatu, nikasema moyoni huyu kalelewa. Akapima kwa futi huku na huku. Akanyanyua simu juu akawa anazunguka nayo polepole, eti inasoma jua. Akafungua faili la picha: nyumba za wazungu Shela, hoteli za Manda, paneli zinameremeta. Kisha akaniambia paneli ataziweka zielekee kibla. Hapo ndipo alipoumaliza moyo wangu. Na hilo kumbe kweli! Sisi tuko kusini kidogo ya ikweta, paneli zatakiwa zitazame kaskazini, na kwetu kibla ndiko huko huko. Yule mwongo alisema ukweli mmoja, na huo mmoja ukamuuzia mengine yote.

Akakaa akaandika karatasi. Mstari mmoja tu: "Sola kamili ya nyumba, 185,000." Paneli nne za wati 300, betri, inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe wa kuwasha vitu vya nyumba, waya, ufundi, vyote humo. Nikamuuliza mbona mwenzake aliniandikia zaidi. Akacheka kwa upole. "Dada, wale wanakutoza boti na punda kutoka Mokowe mara tatu. Mimi mzigo wangu uko hapa hapa Langoni." Ikaniingia, maana hapa kwetu ni kweli kila kitu kikishavuka maji kinapanda bei. Akaongeza kwamba bajeti ikisomwa Juni bei zitaruka, na kesho bei hii yake haipo. Nikatuma 120,000 kwa M-Pesa papo hapo, salio akimaliza kazi. Jina likatokea la mwanamke. "Mke wangu huyo, ndiye mhasibu." Na tasbihi mkononi, wallahi.

Wakafunga. Usiku wa kwanza taa ziliwaka nikamwombea dua. Baada ya hapo, ikifika saa mbili inveta inalia pii pii, friza kimya. Nikimpigia, "Nakuja dada." Halafu ikawa hapatikani. Barafu zimegeuka maji, wateja wanagonga nawaambia mashine iko kwa fundi, maana naona haya kusema.

Ndipo nikamwita fundi mwingine kutoka Malindi. Akachungulia nyuma ya paneli: kibandiko kikubwa kimeandikwa wati 300, na chini yake, kwa herufi ndogo, volti 18, ampea 5.6. Zidisha volti kwa ampea mwenyewe upate wati. Ni mia! Nne ni 400, wala si 1,200. Jua la kutwa mafundi hulihesabu kama masaa matano ya jua kali, kwa hiyo ni uniti mbili za stima kwa siku, na nyingine zinapotea njiani. Friza yangu peke yake inakula zaidi ya uniti moja kwa siku, bado feni, taa na TV. Betri nayo imeandikwa ampea-saa 200. Ya kweli, hizi za risasi, inazidi kilo 50, na watu wawili huibeba wakihema. Yangu kijana wake aliipandisha ngazi begani huku anaongea na simu. Na hata ingekuwa ya kweli, ingebeba uniti mbili na kitu tu, na betri hizo ukizinyonya zaidi ya nusu kila siku zinakufa mapema.

Mtu huyu avishwe paneli zake shingoni, atembezwe saa sita ya jua kali kutoka Mkunguni mpaka mwisho wa Langoni, punda mbele. Halafu ndiyo apelekwe mahakamani akatapike pesa za watu. Ile Alhamisi anayoifanya chambo atajibu kwa Mungu, mimi sina nguvu nayo.

Dalili ni hizi, nazisema haraka maana hasira zinanipanda. Hakuniuliza hata mara moja nina vifaa gani na nawasha masaa mangapi. Sasa alikadiria nini? Bei ya jumla, haikuvunjwa. Leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali ya nishati, hakuonyesha, na fundi wa sola anatakiwa awe nayo. Karatasi haina muhuri wala waranti. Pesa kwa jina la mtu mwingine. Ah, na vyuma alivyofungia vimeshaota kutu, kwa hewa yetu hii ya bahari!

Polisi nimeshaandikisha, namba ya OB, lile daftari lao la matukio, ninayo. Kama na wewe amekula pesa zako, meseji za M-Pesa usifute na karatasi yake usiichane hata ikikutia uchungu. Nitafute faraghani twende pamoja, tukiwa wengi hawataliweka faili kabatini.